Wasifu Ukishafika Ofisini: Sheria Inamtaka Mwajiri Afanye Nini na Taarifa za Waombaji Kazi

Jioni moja nilinunua karanga kituo cha basi. Nilipozimaliza nikaikunjua karatasi iliyozifunga, na ndani yake nikakuta jina kamili la msichana, namba yake ya simu, namba ya kitambulisho, dini yake, neno "sijaolewa", na alama zake za mtihani wa kidato cha nne. Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa wasifu. Mtu aliuchapisha kwa hela yake, akautia kwenye bahasha ya kaki pamoja na nakala za vyeti, akaupeleka ofisi fulani akiwa na matumaini. Kazi hakupata, na karatasi zake zikaishia kwa muuza karanga.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuajiri watu. Usiku ule nilijaribu kukumbuka yako wapi mafaili ya wale niliowahi kuwakataa, na sikuweza kutaja hata kabati moja kwa uhakika. Ndiyo sababu naandika haya, kwa maofisa utumishi wenzangu na kwa wanaotafuta kazi pia, maana sheria zimekwisha kubadilika na desturi zetu nyingi bado ni zilezile.

Kenya, Katiba ya mwaka 2010 katika Ibara ya 31 ilishasema kwamba mtu asitakiwe kutoa taarifa za familia yake na mambo yake ya faragha pasipo ulazima, wala zisianikwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaja kueleza hilo litekelezwe vipi, na Kamishna wa kwanza wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, akaapishwa Novemba 2020. Tanzania ilifuata kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria hizi hazikuandikwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu peke yake. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetafuta karani na kupokea barua arobaini naye amekusanya taarifa binafsi za watu arobaini.

Hapo Kenya pana jambo linalowachanganya wengi. Kanuni za usajili, zilizoanza kutekelezwa Julai 2022, zinamwondolea wajibu wa kujisajili mwenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi, isipokuwa shughuli yake iwe katika sekta zilizotajwa kuwa lazima zisajiliwe. Wafanyabiashara wadogo husikia hivyo wakaona yamekwisha. Msamaha huo ni wa kujisajili tu. Wajibu wa kutunza karatasi za watu uko palepale.

Kisanduku cha "nakubali"

Sheria hizi zilipoanza kuzungumzwa, ofisi nyingi zilichukua hatua moja: ziliongeza mstari chini ya fomu ya maombi, "Nakubali taarifa zangu zitumike", na kisanduku cha kutia alama. Kisha fomu ikaendelea kuuliza yaleyale ya siku zote.

Ridhaa ni msingi mmojawapo wa kutumia taarifa za mtu, lakini katika ajira ndio msingi dhaifu kuliko yote. Anayetafuta kazi kwa mwaka wa pili atatia alama popote utakapomwonyesha. Sheria ya Kenya inalijua hilo. Mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa inamtwika aliyekusanya, inamruhusu mhusika kuiondoa wakati wowote, na inataka iangaliwe kama mkataba ulifungamanishwa na taarifa zisizohitajika kwa mkataba huo. Mwajiri anayesema "hakulazimishwa, alisaini mwenyewe" ataulizwa ingekuwaje kama asingesaini.

Kwa bahati nzuri, sehemu kubwa ya kazi yetu haihitaji ridhaa. Kifungu cha 30 cha sheria hiyo kinaruhusu kutumia taarifa pale zinapohitajika kwa hatua ambazo mhusika mwenyewe ameomba zichukuliwe kabla ya kuingia mkataba. Aliyeleta maombi ameomba hasa hilo: usome wasifu wake, umpime, umjibu. Unachotakiwa ni kubaki ndani ya ombi lake. Jina, mawasiliano, elimu na uzoefu vimo. Namba ya akaunti ya benki haimo, kwa sababu hakuna mshahara unaolipwa kwa mtu ambaye hajaitwa hata kwenye usaili.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kwa kila mstari wa fomu ni hili: taarifa hii naihitaji kwa kazi gani, na kwa nini niitake leo? Nusu ya pili ya swali ndiyo tunayoisahau. Mambo mengi tunayoyadai ni halali, ila tunayadai mapema mno na kwa watu wengi mno. Namba ya mfuko wa hifadhi ya jamii, jina la ndugu wa karibu wa kupigiwa simu ikitokea dharura, picha ya kitambulisho cha kazi: vyote hivyo ni vya mtu mmoja aliyepata kazi, na tumezoea kuvichukua kwa watu mia mbili walioomba.

Kenya imelitia jambo hili katika sheria ya kazi yenyewe. Vijana waliomaliza chuo walikuwa wakizunguka kukusanya vyeti vya uthibitisho hata kabla ya kuomba: cheti cha tabia njema cha polisi, cha mamlaka ya mapato, cha bodi ya mikopo ya elimu ya juu, cha tume ya kupambana na ufisadi, na ripoti ya mikopo. Kila kimoja kina ada au foleni yake. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yakamkataza mwajiri kudai vyeti hivyo mpaka awe amekusudia kuingia mkataba na mhusika. Akivileta na vikaonyesha tatizo kwenye sharti la lazima, ofa inaweza kuondolewa. Mabadiliko yale yaliletwa kuwapunguzia vijana gharama, lakini kwa faragha yamefanya kazi kubwa: historia ya madeni na ya polisi ya mamia ya watu haina tena sababu ya kulala kwenye kabati la ofisi iliyotaka dereva mmoja.

Yaliyo nyeti, na tofauti ya nchi na nchi

Zipo taarifa ambazo sheria inazitenga na kuzikinga zaidi. Anayeajiri pande zote mbili za mpaka akumbuke kwamba orodha hazifanani.

Kenya inahesabu kuwa nyeti hali ya afya, kabila na asili ya kijamii, imani, alama za kibayolojia kama za vidole, mali, jinsia, na pia hali ya ndoa pamoja na majina ya wazazi, mwenzi na watoto. Rudia kusoma hiyo ya mwisho, kisha ufungue fomu yoyote ya maombi ya kazi uliyo nayo. "Umeoa/Umeolewa?" "Idadi na majina ya watoto." "Jina la baba." Tumeyauliza hayo tangu enzi za taipureta, na kila moja liko kwenye orodha.

Tanzania haikutaja hali ya ndoa katika tafsiri yake ya taarifa nyeti. Imetaja taarifa zinazohusu watoto, makosa ya jinai, miamala ya fedha ya mtu na alama za kibayolojia, na zile zinazoonyesha asili, siasa, dini, uanachama wa chama cha wafanyakazi, afya na kadhalika. Kanuni yake ni kwamba taarifa nyeti haichakatwi bila ridhaa ya maandishi iliyotangulia, ukiacha hali ambazo sheria yenyewe imezitaja. Kwa hiyo majina ya watoto ni nyeti Nairobi kwa sababu ni mambo ya familia, na ni nyeti Dar es Salaam kwa sababu ni taarifa za watoto. Historia ya makosa ya jinai Tanzania imo kwenye orodha, Kenya haimo, ingawa huko nako inabaki kuwa taarifa binafsi yenye haki zake zote. Asidhani mtu kwamba kwa kuwa hali ya ndoa haimo kwenye orodha ya Tanzania basi aiulize atakavyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ndoa, majukumu ya familia, ujauzito, dini, kabila na mengineyo, na inamhesabu mwombaji kazi kama mwajiriwa kwa ajili ya kinga hiyo. Ukiuliza halafu ukamnyima kazi, umejiandikia ushahidi wewe mwenyewe.

Mimi nilikwisha kuifuta sehemu ya dini, ndoa na watoto kwenye fomu zangu. Hakuna siku hata moja niliyokwama kwa kukosa kuyajua.

Vipimo vya afya navyo vinahitaji uangalifu wa pekee. Kenya, sheria ya mwaka 2006 kuhusu VVU na UKIMWI inakataza kumlazimisha mtu kupima virusi kama sharti la kuajiriwa. Kazi nyingine zinahitaji uthibitisho wa afya kweli, mfano mpishi au mwendesha mitambo, na hapo daktari anatakiwa kukupa jibu moja: anafaa kwa kazi hii au hafai. Bahasha yenye majibu yote ya maabara haipaswi kupita mezani kwa karani wa masjala.

Wadhamini, mitandao na programu za kuchuja

Mwombaji anapoandika wadhamini watatu, amekukabidhi majina na simu za watu wengine watatu ambao hawajaomba kazi kwako. Wapigie wakati umefika, yaani mtu akiwa miongoni mwa wawili watatu wa mwisho, na umwambie mwombaji kwamba sasa unapiga. Kumpigia mwajiri wake wa sasa bila kumwambia kunaweza kumfukuzisha kazi ambako bado anategemea mshahara. Nimeona hilo likitokea, na hakuna fidia inayomrudisha mtu kwenye meza yake.

Kuhusu kupekua mitandao, wengi husema kilichowekwa hadharani ni cha wote. Kwa Kenya, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinataka taarifa zikusanywe kwa mhusika mwenyewe, na moja ya ruhusa za kuzipata kwingine ni pale alipoziweka hadharani kwa makusudi. Hata hivyo ruhusa hiyo haifuti masharti mengine: lazima pawe na sababu inayohusiana na kazi, na mhusika ajulishwe. Kuangalia ukurasa wa kitaaluma ambao mtu ameutengeneza ili waajiri wauone kunaeleweka. Kuzama kwenye picha za harusi ya dada yake ya miaka sita iliyopita ni udadisi tu. Utatoka humo ukijua dini yake, kabila lake na labda ujauzito wake, mambo ambayo hukupaswa kuyajua kabla ya kuamua, na huwezi kuyasahau kwa kutaka.

Ofisi kubwa siku hizi zinatumia programu kuchuja wasifu. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon ilikuwa imeachana na programu ya namna hiyo baada ya kuona inawashusha wanawake. Ilikuwa imefundishwa kwa wasifu wa miaka kumi, nyingi zikiwa za wanaume, ikajifunza upendeleo uliokuwamo. Sheria ya Kenya inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Pale sheria inaporuhusu uamuzi wa namna hiyo, ajulishwe kwa maandishi, naye anaweza kudai uamuzi huo utazamwe upya. Nakushauri pawe na mtu anayesoma kwa macho yake hata maombi ambayo programu imeyaweka chini kabisa.

Lipo kundi ambalo taarifa zao zinasafiri mbali kuliko za mtu mwingine yeyote: wanaotafuta kazi za nyumbani Ghuba. Wakala huchukua pasipoti, majibu ya vipimo, dini, idadi ya watoto, urefu, uzito na picha ya mwili mzima, kisha huvituma kwa WhatsApp kwa wenzake wa Riyadh au Muscat, ambako hupitishwa kutoka simu hadi simu mpaka familia imchague mtu. Kwa sheria ya Kenya, taarifa nyeti hazitakiwi kuchakatwa nje ya nchi bila ridhaa ya mhusika na uthibitisho kwamba huko ziendako kuna kinga ya kutosha. Oman nayo ina sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022. Pamoja na hayo, dada aliyekataliwa na familia tatu hana njia ya kujua picha yake iko kwenye simu ngapi. Kama wewe ni wakala na unasoma hapa, anza na hili: tuma kwa mwajiri aliyekwisha kuonyesha nia, tuma kinachohitajika, na ukimpata wa kumpeleka, waambie wengine wote wafute na wakujibu kwamba wamefuta.

Kuhifadhi mpaka lini?

Hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili, na wanaouliza hutaka idadi ya miezi. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya hakitaji mwezi. Kinasema usihifadhi zaidi ya muda unaohitajika kwa kusudi lililokufanya ukusanye, kisha ufute, au uondoe kila kinachomtambulisha mtu. Tanzania nayo inafuata msingi huohuo.

Kusudi la kumwajiri mtu linaisha siku nafasi inapojazwa, lakini bado una haki ya kujitetea akitokea anayedai alibaguliwa. Kenya, madai chini ya Sheria ya Ajira yana ukomo wa miaka mitatu. Tanzania, migogoro isiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Hapo wanasheria wengine hukurupuka: "Basi tunza kila kitu miaka mitatu." Mimi sikubaliani nao. Cha kukutetea ni tangazo, vigezo, alama za kila aliyesailiwa na sababu za uamuzi. Nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtu ambaye hakufika hata kwenye usaili haikutetei kwa lolote. Hiyo ifutwe nafasi ikishajazwa na muda mfupi wa malalamiko ukishapita. Zile karatasi za alama zibaki mahali pamoja, chini ya mtu mmoja, zikiwa na tarehe ya kuteketezwa iliyoandikwa juu yake. Na ukitaka kumweka mtu kwenye akiba ya nafasi zijazo, muulize. Hapa ndipo ridhaa inapofanya kazi yake sawasawa, kwa sababu akikataa hapotezi chochote.

Kufuta kuna maana ya kufuta. Wasifu uliotumwa kwa barua pepe uko kwenye kikasha cha ofisa utumishi, kwenye vipakuliwa vya kompyuta yake, kwenye simu ya meneja aliyeomba atumiwe WhatsApp aupitie akiwa safarini, na kwenye nakala zilizochapwa kwa ajili ya wasaili wanne. Bila anwani moja ya kupokelea maombi na faili moja ambalo wasaili wanalisomea humo humo, hakuna atakayeweza kusema kwa kweli kwamba amefuta. Karatasi zipite kwenye mashine ya kuchana au zichomwe mbele ya mtu anayeaminika.

Niseme na la kwangu. Miaka ya nyuma, nikiwa kwenye ofisi ambayo sitaitaja, nilituma barua moja ya kuwakatalia waombaji zaidi ya mia, nikaweka anwani zao zote kwenye sehemu ya nakala ya wazi. Kila mmoja akaona ni nani wengine walioomba. Mmoja wao alikuwa akifanya kazi pamoja na jamaa wa mwombaji mwingine, na hakutaka ajulikane anatafuta pa kuhamia. Wakati ule hakuna aliyeniwajibisha. Leo, kwa Kenya, tukio lenye hatari ya kweli ya kumdhuru mtu linatakiwa kuripotiwa kwa Kamishna ndani ya saa 72 tangu ulijue, na walioathirika wajulishwe. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kipi ni kidogo. Mnamo Septemba 2023 Kamishna alitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja. Hayo hayakuhusu ajira, lakini yanaonyesha kwamba taasisi za kawaida kabisa zinafikiwa.

Kwa mwombaji

Nawe unayetafuta kazi una haki unazoweza kuzitumia leo. Kwa kanuni za Kenya za 2021, ukiandika kuomba kuona taarifa zako, mwajiri anatakiwa akujibu ndani ya siku saba, bila malipo. Hizo ni pamoja na yale wasaili waliyoandika kukuhusu, na ndiyo maana nawaambia wasaili waandike tu wanachoweza kukisoma mbele ya mhusika. Ukiona kosa, omba lisahihishwe. Ukiona hakuna sababu ya kuendelea kukuweka, omba ufutwe, na jibu litoke ndani ya siku 14.

Punguza unachotoa. Tangazo lisipotaka namba ya kitambulisho, usiiandike kwenye wasifu. Dini, kabila na hali ya ndoa viache. Nakala za vyeti zipeleke zitakapoitishwa. Lisipotajwa jina la kampuni wala anwani ya ofisi, na bado wanataka picha ya kitambulisho pande zote mbili, usitume.

Na likiharibika jambo, Kenya unaweza kulalamika kwa Kamishna kwa mdomo au kwa maandishi, na malalamiko yanatakiwa yamalizwe ndani ya siku 90. Tanzania nenda kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Utaulizwa ulizitoa taarifa kwa nani, lini na kwa kazi ipi, kwa hiyo siku unayotuma maombi piga picha tangazo, andika tarehe, na tunza anwani uliyoyatuma.